Abe Yanofsky: Miaka 18 Kati ya Ushindi na Cheo

Kila Jumamosi mchana mimi na rafiki yangu mmoja wa Bukavu hukutana kwenye mkahawa mdogo wa kaskazini mwa Winnipeg. Yeye huja na ubao wa kukunja, mimi na chupa ya chai niliyoipika nyumbani, maana chai ya hapo ni maji ya moto na kifuko cha majani kinachoelea. Tunacheza sataranji mpaka giza liingie, na wakati wa baridi giza la huku halichelewi. Wiki moja nikamsimulia habari za Abe Yanofsky, mtu aliyekulia katika mji huu huu. Alinisikiliza huku akimzungusha farasi vidoleni, kisha akauliza: "Sawa, kaka. Lakini huyo mtu wako alichukua kombe gani?"

Nilitaka kumjibu harakaharaka, nikajikuta sina kombe la kumtajia. Ubingwa wa dunia hakuufikia. Hata mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia hakuwahi kufuzu kuyacheza. Alicheza mashindano mawili ya kanda za dunia, yale ya kufuzu kwenda huko, Saltsjöbaden mwaka 1948 na Stockholm mwaka 1962, na kote alimaliza katika nusu ya chini ya jedwali. Ukisoma safari yake kwa macho ya makombe, utasema alikuwa mchezaji mzuri wa nchi isiyo na wachezaji wengi, basi.

Mimi nasema safari hiyo inasomwa vibaya, na kinachowapotosha wasomaji ni tarehe moja: 1964, mwaka alipopewa cheo cha grandmasta, cha juu kabisa katika sataranji, akiwa na umri wa miaka 39. Mtu akiona hivyo hudhani ni kipaji kilichochelewa kuiva. Kumbe kilikuwa kimeiva miaka 18 nyuma, na kilichokosekana kilikuwa nje ya ubao.

Tuanze mwanzo. Daniel Abraham Yanofsky alizaliwa Machi 1925 huko Brody, mji uliokuwa Poland wakati ule na leo uko Ukraine. Wazazi wake Wayahudi walihamia Kanada naye akiwa na miezi minane tu, wakafikia Winnipeg. Mchezo alijifunza akiwa na miaka minane. Akiwa na miaka 12 alikaa kwenye ubingwa wa Kanada mjini Toronto pamoja na watu wazima. Mwaka 1939, akiwa na miaka 14, nchi ilimpeleka Buenos Aires kwenye Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, akacheza meza ya pili, yaani mchezaji wa pili wa timu.

Olimpiadi ile imeandikwa sana, ingawa si kwa sababu yake. Ilichezwa katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Politeama, bingwa wa dunia Alekhine akiiongoza Ufaransa na Capablanca, bingwa wa zamani, akiwa meza ya kwanza ya Kuba. Katikati ya mashindano, tarehe 1 Septemba, Ujerumani ikaivamia Poland. Uingereza ikajitoa na wachezaji wake wakarudi kwao. Ujerumani ikatwaa dhahabu, Poland ikafuata nyuma yake, halafu wachezaji wengi wa Ulaya hawakupanda tena meli ya kurudi. Najdorf wa Poland alibaki Argentina maisha yake yote. Katikati ya msukosuko huo kijana wa Winnipeg, aliyezaliwa katika Poland iliyokuwa ikiteketea, alimaliza na asilimia kubwa kuliko mchezaji mwingine yeyote wa meza ya pili. Ni kweli kwamba Kanada ilikuwa katika kundi la pili la fainali, kwa hiyo hakupambana na vigogo kila siku. Lakini mchezo wake dhidi ya Dulanto wa Peru ulimvutia Alekhine mwenyewe, na Alekhine hakuwa mtu wa kumwaga sifa bure.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1941, akatwaa ubingwa wa Kanada hapa hapa Winnipeg, akiwa na miaka 16. Angeutwaa mara nane kwa jumla, wa mwisho ukiwa wa mwaka 1965. Mwaka 1942 akagawana nafasi ya kwanza na Herman Steiner katika mashindano ya wazi ya Marekani huko Dallas. Kisha vita vikammeza naye, akaingia jeshi la majini la Kanada.

Sasa tufike Groningen, Uholanzi, mwaka 1946, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu.

Yalikuwa mashindano makubwa ya kwanza baada ya vita, wachezaji 20, kila mmoja akikutana na wenzake wote. Muungano wa Kisovieti ulituma watu watano: Botvinnik, Smyslov, Boleslavsky, Kotov na Flohr. Kanada ilikuwa na mtu mmoja. Weka picha hiyo kichwani, kisha ikumbuke desturi ya siku zile. Mchezo ukipita muda uliopangwa bila kuisha ulisimamishwa. Mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri, akaitia kwenye bahasha, bahasha ikafungwa na kukabidhiwa mwamuzi. Mchezo uliendelea siku nyingine. Usiku ule katikati ndio uliokuwa kazi: mchezaji mwenye wenzake alikaa nao kuzunguka ubao na kuchambua njia zote, huku aliyekuja peke yake akikaa chumbani na ubao wake wa mfukoni akisinzia. Aliyewahi kuahirishiwa mchezo akiwa hana mtu wa kumuuliza neno anaujua usiku huo. Asubuhi macho ni mekundu, na njia moja iliyokupita pembeni ndiyo mwenzako anayokuja nayo.

Katika mazingira hayo Yanofsky, miaka 21, akiwa na kete nyeupe, alimpiga Mikhail Botvinnik. Na haikuwa bahati ya mpinzani kuteleza mwishoni, maana mchezo huo ndio uliopewa tuzo ya mchezo bora wa mashindano. Botvinnik aliibuka mshindi kwa pointi 14 na nusu, Mholanzi Euwe, bingwa wa zamani wa dunia, akimfuata nusu pointi nyuma. Katika michezo 19 Botvinnik alishindwa mitatu tu, mmoja wapo huo. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Yanofsky mwenyewe alimaliza chini ya katikati ya jedwali. Wanaombeza hukimbilia hapo: mchezo mmoja mzuri, mengine ya kawaida. Mimi naona kinyume chake. Mtu aliyetoka katika mji ambao jirani yake wa kwanza mwenye wachezaji wa maana yuko mbali mno, akaketi siku baada ya siku na watu wanaoishi kwa mchezo huu, akapoteza mingi na kushinda huo mmoja kwa namna ile, ni mchezaji aliyekuwa na uwezo akakosa mazoea. Uwezo hauji kwa bahati katika mchezo wa saa tano dhidi ya bingwa mtarajiwa. Mazoea ndiyo yanayoletwa na kucheza na wakali mara kumi kwa mwaka, na hayo ndiyo asiyokuwa nayo.

Hapa kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita kimyakimya. Botvinnik naye alikuwa na kazi, mhandisi wa umeme aliyekuja kupata udaktari wake mwaka 1951. Euwe alikuwa mwalimu wa hisabati. Mbona kazi haikuwazuia? Sasa, Botvinnik alikuwa na dola nyuma yake, dola iliyoamini kwamba ushindi wa ubaoni ni ushindi wa mfumo mzima, ikampa ruhusa na muda. Naye Euwe alipanda treni Amsterdam asubuhi na kufika Groningen siku hiyo hiyo. Mtu wa Winnipeg alihitaji treni ya zaidi ya siku nzima kufika tu mashariki ya Kanada, kisha bahari. Yanofsky alikuja kuwa wakili, na silaumu kazi hiyo kama wengi wanavyoilaumu. Nalaumu ramani.

Mwaka 1950 shirikisho la dunia, FIDE, lilitoa vyeo rasmi kwa mara ya kwanza. Watu 27 wakawa magrandmasta. Yanofsky akapewa ngazi ya chini yake, bingwa wa kimataifa. Kuanzia hapo, kupanda kulihitaji matokeo ya kiwango fulani katika mashindano yenye wachezaji wa kiwango fulani. Linasikika kama jambo la haki. Lakini mashindano hayo yalikuwa wapi? Moscow, Budapest, Hastings, Amsterdam, Mar del Plata. Kanada hayakuwepo hata moja. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote za cheo na asipate mahali pa kuzipimia, kama mvuvi mwenye jahazi zuri anayeishi mbali na bahari.

Kama unadhani naongeza chumvi, mtazame mwenzake wa timu, Frank Anderson. Huyu alizaliwa Edmonton, akaishi Toronto, ugonjwa wa viungo ulimlaza kitandani utotoni, na mchezo aliujua kwa kuandikiana hatua kwa barua. Mara mbili, Amsterdam mwaka 1954 na Munich mwaka 1958, aliongoza meza ya pili katika Olimpiadi. Munich alikuwa anakaribia kabisa cheo cha grandmasta, akaugua, akashindwa kucheza raundi ya mwisho. Kwa hesabu za wakati ule, angekaa tu mezani akacheza na hata kushindwa, cheo kingekuwa chake. Hakukipata kamwe. Mchezaji wa Ulaya akikosa hivyo hungoja mashindano ya mwezi ujao. Mkanada alingoja Olimpiadi nyingine, akiombea mwili na mfuko vimruhusu.

Yanofsky naye alichukua njia nyingine. Alisoma sheria Manitoba, akaenda Oxford kuendelea, na akiwa huko mwaka 1953 akatwaa ubingwa wa Uingereza, ambao wakati huo ulikuwa wazi kwa watu wa Jumuiya ya Madola. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuchukua Robert Wade wa New Zealand. Miaka ya nyuma zaidi, Sultan Khan wa Punjab aliubeba mara tatu, akarudi kwao na kufa bila cheo chochote. Cheo cha grandmasta wa heshima alipewa mwaka 2024, akiwa marehemu wa miaka mingi. Kwa hiyo haya ya cheo kuchelewa si mkosi wa Mkanada mmoja. Ni desturi ya mchezo unaoandikiwa sheria karibu na meza zake.

Mwaka 1957 alialikwa Dallas kwenye mashindano ya wakali wanane. Reshevsky na Gligorić walishinda, Larsen na Szabo wakafuata, na wa tano alikuwa yeye, mbele ya Najdorf, Friðrik Ólafsson na Larry Evans. Alipopewa nafasi alionekana ni wa pale pale. Ila nafasi zilikuja moja moja, kama mvua ya Turkana.

Cheo kilifika kwa Olimpiadi ya Tel Aviv mwaka 1964. Huku Winnipeg humtaja kama grandmasta wa kwanza wa Jumuiya ya Madola, ambayo Tanzania, Uganda na Kenya zilikuwa ndiyo kwanza zimejiunga nayo. Wajuaji watakukumbusha Jacques Mieses, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi akawa raia wa Uingereza, akapewa cheo mwaka 1950 akiwa mzee wa miaka 85 kwa kuenzi alichofanya zamani. Haidhuru. Miongoni mwa waliokulia ndani ya Jumuiya na kukitolea jasho ubaoni, Yanofsky alitangulia.

Uchezaji wake ulikuwaje? Alisifika zaidi kwa hatua za mwisho, pale ubao unapobaki na kete chache, malkia wameshaondoka, na mfalme aliyejificha mchezo mzima anatoka kwenda kupigana kwa miguu yake. Wengi wetu tukifika hapo tunanyoosha mkono kuomba sare. Yeye alipapenda. Juzi usiku nilipanga michezo yake miwili mitatu mezani jikoni, nikiisogeza kete moja moja. Kinachoshangaza ni jinsi isivyo na kishindo. Askari mmoja anasogea hatua. Mfalme anazunguka kama mtu aliyesahau njia. Ngome inarudi ilikotoka. Unadhani hakuna kilichotokea, kisha unagundua mpinzani hana tena hatua isiyomharibia. Ni uchezaji wa mtu wa mafaili, ukiniuliza mimi: anayeamini kwamba kesi hushindwa kwenye kifungu kidogo ambacho mwenzake hakukisoma.

Na kweli alikuwa mtu wa mafaili. Aliendesha ofisi ya uwakili, akaingia siasa za mtaa, akawa meya wa West Kildonan, mji mdogo wa kaskazini uliounganishwa na Winnipeg mwanzoni mwa 1972. Baada ya hapo alikaa kwenye baraza la Winnipeg hadi miaka ya 1980, akishughulika na fedha za jiji. Mwaka huo wa 1972 akavishwa nishani ya Order of Canada. Alifariki hapa hapa Machi 2000. Wakati wote huo aliendelea kuichezea nchi, Olimpiadi 11 kwa jumla. Ninapopita West Kildonan kwa basi, theluji imerundikwa pembeni mwa barabara, hujiuliza mara ngapi mjadala wa bajeti ya kuondoa theluji kama hiyo ulikaa kichwani mwake sambamba na ngome na askari wawili.

Wa kumlinganisha naye ni Kevin Spraggett wa Montreal, aliyeifanya sataranji kuwa kazi. Mwaka 1985 alimaliza wa nne Taxco, Mexico, nyuma ya Timman, Nogueiras na Tal, akafuzu kuwania nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia, jambo ambalo hakuna Mkanada aliyewahi kulifanya kabla yake. Kule Montpellier akamaliza wa mwisho kati ya 16. Lakini mwaka 1988 mechi hizo zilikuja Kanada, mjini Saint John, na waandaaji wakapewa nafasi ya kumtia mchezaji wao. Wakamtia Spraggett. Akamtoa Andrei Sokolov, mtu ambaye mwaka mmoja tu kabla alikuwa fainali na Karpov. Mwaka uliofuata, Quebec, Yusupov alimtoa naye kwa tofauti ndogo kabisa. Baadaye Spraggett alihamia Ureno, walipo wachezaji, treni za bei nafuu na mashindano kila mwezi.

Ukizitazama safari hizi mbili pamoja, utaona kwamba mara moja tu katika historia yake Kanada ilitumia uenyeji kumsaidia mtu wake, na mara hiyo moja ilizaa ushindi mkubwa kuliko wote. Kwingine nchi hii imekuwa mwenyeji wa kupakua na kutokula. Vancouver mwaka 1971 ilimpokea Mmarekani Fischer alipomfunga Msovieti Taimanov 6 kwa 0. Montreal mwaka 1979 iliwakusanya Karpov, Tal, Spassky, Larsen na wengine hadi kumi, Mkanada hakuwemo hata mmoja. Toronto, Aprili 2024, mashindano yale yale ya kumtafuta mpinzani wa bingwa yalifanyika na Gukesh wa India akashinda. Wanaume 8 na wanawake 8 walikaa mezani, na hakuna aliyekuwa na bendera ya Kanada.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa rafiki yangu na jibu. Sikumtajia kombe. Nilimtajia mwaka 1967, Kanada ilipotimiza miaka 100. Winnipeg iliandaa mashindano ya magrandmasta, ya kwanza ya aina hiyo nchini, na Yanofsky alikuwa miongoni mwa walioyaandaa. Wakaja Spassky, Keres, Larsen, Darga, Szabo. Larsen na Darga wakagawana nafasi ya kwanza. Yule wakili wa miaka 42, aliyekuwa ameshughulikia mipango ya ugeni, angeweza kukaa safu ya mbele na kupiga makofi, na hakuna ambaye angemlaumu. Alivuta kiti akacheza nao wote, akamaliza karibu na mkia.

Rafiki yangu alikuwa ameshapanga kete. "Nyeupe ni zako leo," akasema, akanisogezea kikombe.